Kompyuta ya sebuleni inavuma? Mtafute kwanza anayevuma

Watu wengi wakishaunga kompyuta ya sebuleni, ile ya kukaa chini ya TV kwa ajili ya muvi, muziki na gemu kidogo, wakisikia tu inavuma wanakimbilia kununua feni mpya. Feni zinakuja, zinafungwa, na mvumo uko palepale. Sababu ni kwamba ndani ya kesi kuna vitu kama vitano hivi vinavyoweza kutoa sauti na wewe umebadilisha kimoja bila kujua kama ndicho chenyewe, na mara nyingi hata sio kifaa, ni setingi ya BIOS (ile menyu ya mashine yenyewe unayoingia kabla Windows haijawaka) au ni mahali ulipoiweka. Kwa hiyo bisibisi iwe karibu ila pesa zikae kwanza mfukoni.

Kingine cha kukaa nacho kichwani: sikio halisumbuliwi sana na sauti ndogo isiyobadilika. Mvumo mdogo ulioshikilia hapohapo unausahau ndani ya dakika tano. Kinachokera ni sauti inayopanda na kushuka, inayowaka na kuzima, au yenye mlio mmoja uliojitenga. Karibu kila kitu hapa chini ni kupambana na hiyo mibadiliko, sio kutafuta sifuri.

Kumjua mhusika

Zima kila kinachotoa sauti chumbani, washa kompyuta iache kama dakika kumi bila kazi, kaa kwenye kochi usikilize. Kwenye kochi, sio umeinamia kesi, ukiweka sikio juu ya kesi hakuna kompyuta yenye feni itakayofaulu mtihani huo.

Halafu fungua ubavu wa kesi, chukua karatasi ngumu uikunje iwe bomba, upande mmoja sikioni na mwingine uupitishe taratibu karibu na kila kifaa bila kugusa feni. Inachekesha kuiangalia ila inakuonyesha sauti inatoka wapi, kitu ambacho app ya simu ya kupima desibeli haikuonyeshi. App itumie kulinganisha tu kabla na baada, simu ikiwa imewekwa palepale, namba yenyewe usiitegemee mana maiki za simu hazijatengenezwa kupima sauti ndogo hivyo.

Ukishashuku feni fulani, zima kompyuta, chomoa waya wake, washa, sikiliza. Ya kesi unaweza kuiacha imechomolewa hata robo saa huku unaangalia joto. Ya prosesa usifanye hivyo, hiyo ipunguze kasi kwenye BIOS usikie tofauti. Na pawa saplai usiifungue kabisa, ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi ukutani.

Feni inapanda, inashuka, inapanda, inashuka

Hili ndilo lalamiko namba moja na ndilo lenye dawa ya bure. Prosesa za siku hizi zikipata kazi ndogo tu, mfano umefungua ukurasa mmoja wa braoza, zinajiongeza kasi ghafla na joto linaruka digrii 15 au 20 ndani ya sekunde moja, halafu kazi inaisha na joto linarudi. Kipozeo chenyewe, lile bonge la chuma, hata hakijapata moto bado, ila feni inafuata senso ya ndani ya prosesa kwa hiyo inaruka nayo. Yaani feni inakimbia kupoza joto ambalo limeshaondoka.

Ingia BIOS, tafuta sehemu ya feni, utakuta ule mchoro wa joto na kasi. Mara nyingi kiwandani umewekwa kama mlima, kasi inaanza kupanda toka digrii 40. Ulaze. Pa kuanzia pazuri ni asilimia 30 bila kubadilika mpaka digrii 60, ifike 50 kwenye digrii 75, na 100 kwenye 90. Watu wanaogopa wakiona digrii 70 lakini prosesa nyingi za kompyuta za mezani zimepangiwa kujipunguza kasi zenyewe zikifika kwenye 95 mpaka 100 hivi, kwa hiyo 70 wakati wa gemu ni maisha ya kawaida.

Halafu kuna setingi ya pili ambayo wengi hawaigusi na ndiyo tamu zaidi, ya kuchelewesha. Kila kampuni ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inaiita jina lake ila maana ni moja: feni isubiri sekunde kadhaa kabla ya kupanda na kabla ya kushuka. Ukiweka sekunde 5 au zaidi, zile ruka-ruka za sekunde moja feni haizioni kabisa.

Kama BIOS inaruhusu, feni za kesi zifuate joto la mazabodi au la kadi ya picha badala ya la prosesa, mana kazi yake ni kubadilisha hewa ya ndani na hewa hiyo haipati moto kwa sekunde mbili.

Kama umegusa mchoro na feni haisikii, iko mbio muda wote, angalia plagi yake. Ya pini 4 inaongozwa kwa PWM, yaani ishara ya kuwasha na kuzima haraka-haraka, ya pini 3 inaongozwa kwa kupunguza volti, hali inayoitwa DC. Feni ya pini 3 ikichomekwa mahali palipowekwa PWM inakula volti 12 kamili na kukimbia mwisho wa uwezo wake. Badilisha hali ya plagi hiyo iwe DC na kelele inakwisha hapohapo. Kuna wanaotupa feni nzima kwa sababu ya hiki tu.

Na kama bado inaruka, punguza umeme wa prosesa wenyewe. Kwa AMD kuna Eco Mode, kwa Intel kuna vikomo viwili vinaitwa PL1 na PL2. Prosesa ya wati 65 ukiibana ifanye kazi kwa 45 au 35, kwenye kuangalia video hutaona tofauti yoyote, kwenye gemu unaweza kupoteza kidogo, ila joto la kutoa linapungua sana. Mimi kwa mashine ya sebuleni huwa naona hii iwe setingi ya kwanza kabisa, sio ya mwisho.

Kimya kabisa mpaka uweke video

Ukiplay muvi ya 4K na feni ikaanza kupaa, kwanza angalia kama video inafunguliwa na chipu ya picha au prosesa inalazimishwa kufanya kazi hiyo kwa nguvu. Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda sehemu ya GPU, tafuta grafu ya Video Decode. Video inacheza na grafu hiyo iko sifuri huku prosesa iko asilimia 60, umempata.

Sababu ziko mbili tatu. Inawezekana kwenye braoza ile setingi ya kutumia hadiwea imezimwa, au draiva ya picha ni ile ya msingi ya Windows na hujawahi kuweka ya kampuni. Hizo ni za dakika tano. Nyingine ni kwamba chipu yako haijui aina hiyo ya video, na hapo draiva haisaidii. Aina hizo ni njia za kubana video, kama H.264, HEVC, VP9 na AV1. HEVC na VP9 za biti 10 kwa Intel zinaanzia kizazi cha 7. AV1, ambayo YouTube wanaitumia sana siku hizi, kwa Intel inaanzia kizazi cha 11, kwa Nvidia ni kadi za RTX 30, na kwa AMD ni familia ya RDNA 2, ila hata humo kuna kadi ndogo kama RX 6500 XT ambazo waliiondoa. Ndo maana unakuta mtu ana Ryzen 5 5600G, prosesa nzuri tu ya sebuleni, lakini chipu yake ya picha ya ndani ni Vega, ya kabla ya RDNA, na AV1 haimo, akifungua video ya 4K prosesa inajitwisha mzigo wote.

Dawa ni kuilazimisha YouTube ikupe VP9 badala ya AV1, kwenye mipangilio ya akaunti ya YouTube yenyewe kuna sehemu ya uchezaji ambapo unachagua AV1 kwa video za ubora wa chini tu. Kuna na vinyongeza vya braoza vinavyolazimisha H.264, hivyo vinatuliza mashine lakini YouTube H.264 yao inaishia 1080p, kwa hiyo kwenye TV kubwa ya 4K utaona.

Mwanzo kimya, baada ya nusu saa inavuma

Joto linajikusanya. Kabla hujafungua chochote fanya jaribio moja: kompyuta ikiwa imeshaanza kuvuma, itoe kwenye kabati la TV iweke wazi sakafuni, au acha milango ya kabati wazi kabisa, subiri dakika kumi. Ikitulia, tatizo ni kabati na hakuna feni ya bei yoyote itakayokusaidia, mana feni inavuta hewa ileile ya moto iliyoitoa yenyewe. Toboa mgongo wa kabati, tundu kubwa sio vitobo vya waya, acha nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma na juu, au iweke juu ya kabati basi. Najua mwenye nyumba mwenzako anataka isionekane, ila kati ya kuonekana na kusikika chagueni moja.

Isipotulia, tazama chini. Kesi nyingi pawa saplai inavuta hewa kwa chini, ukiilaza juu ya zulia nene umeiziba pua. Halafu vumbi. Unapopuliza, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, ukiiachia hewa iizungushe bila mpaka unaumiza beringi, na feni inayozungushwa inaweza kurudisha umeme kwenye mazabodi. Vichujio vya mbele vioshe kwa maji vikauke kabisa ndipo uvirudishe.

Joto likiwa juu hata bila kazi, mfano digrii 60 mashine imekaa tu, na kabati na vumbi umeshavimaliza, toa kipozeo. Pesti iliyo kati ya prosesa na kipozeo inaweza kuwa imekauka, skrubu moja inaweza kuwa haijakaza, na kwenye mashine mpya kuna siku unakuta ile plastiki ya kukinga uso wa kipozeo bado imo.

Mngurumo mzito, unausikia hata kwenye meza

Weka kiganja juu ya kesi. Sauti ikibadilika au ikikatika, ni mtetemo. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni hadi diski, ile ya sahani. Ya mizunguko 7200 kwa dakika inazunguka mara 120 kwa sekunde, ya 5400 mara 90, na hizo ni sauti nzito zinazopita kwenye chuma cha kesi kisha kwenye mbao, na kabati zima la TV linageuka spika. Ndo maana kompyuta ileile ikikaa juu ya zege haingurumi.

Vipete vya raba kwenye skrubu za diski vinasaidia, na miguu ya raba laini chini ya kesi inasaidia zaidi. Lakini ukweli ni kwamba diski ya sahani haina kazi sebuleni. Weka SSD, diski isiyo na kinachozunguka, kwa mfumo na programu, ile diski kubwa yenye muvi ihamie chumba kingine kwenye kompyuta ya zamani au NAS, yaani kisanduku cha diski cha kwenye mtandao wa nyumbani, uzivute kwa mtandao. Hata muvi ya 4K ya Blu-ray haifiki megabiti 150 kwa sekunde, kebo ya gigabiti inaibeba bila kutoa jasho.

Ikiwa sauti sio mngurumo bali ni tak, kimya, tak, inajirudia na kompyuta inaganda kidogo, acha habari za kelele, nakili data zako leo.

Wuu… wuu… wuu…

Feni mbili zinazozunguka karibu sawa ila sio sawa kabisa. Feni ya panga 7 kwenye mizunguko 800 inakata hewa mara 93 hivi kwa sekunde, mwenzake kwenye 790 anakata mara 92, na ule utofauti wa moja ndio wimbi unalosikia linakuja na kuondoka kila sekunde. Zitenganishe, moja iende 700 na nyingine 850. Basi.

Mlio mwembamba kama mbu

Koili za kadi ya picha, mazabodi au pawa saplai zinatetemeka umeme ukipita. Utaijua kwa sababu haifuati kasi ya feni, inafuata kazi: menyu ya gemu inayotoa fremu 600 kwa sekunde ndio inalia kuliko gemu lenyewe, au inalia ukisogeza ukurasa tu. Haina madhara kwa kifaa. Kama TV yako ni ya hezi 60, funga fremu kwenye 60, mara nyingi inapungua au inaisha. Ukipunguza kikomo cha umeme cha kadi inasaidia pia. Ikibaki, jaribu pawa saplai nyingine kabla hujailaumu kadi, mana hiyo pea inaweza kuwa haielewani tu.

Kadi ya picha inawaka feni na kuzima kila dakika

Kadi nyingi zinasimamisha feni kabisa chini ya digrii 50 au 60 hivi. Nzuri kwa tangazo, ila ndani ya kesi ndogo joto linacheza palepale kwenye mpaka, feni inaruka, inapoza, inasimama, inaruka tena. Ingia kwenye programu ya kadi, zima hiyo hali ya kusimama, iweke izunguke polepole muda wote kwa kasi ndogo kabisa inayokubali. Inatoa sauti zaidi ya sifuri ila hutaisikia, wakati ule mruko unausikia kila mara. Na kama huchezi gemu kwenye hiyo mashine, ichomoe kadi nzima utumie picha ya ndani ya prosesa, kama prosesa yako inayo.

Kukwaruza, kutiktik, kupiga mluzi

Tik-tik ya haraka ni waya unagusa panga, funga waya. Mkwaruzo unaozidi mashine ikiwa ya baridi ni beringi imekwisha, hapo sasa ndo unanunua feni. Mluzi ni hewa inapita kwenye wavu wenye vitobo vidogo karibu sana na panga, sogeza feni milimita chache kwa spesa au kata huo wavu kama huna watoto wanaochokonoa.

Ukinunua, nunua pana na uizungushe taratibu. Feni ya milimita 140 kwenye mizunguko 600 inasukuma hewa ya kutosha sebuleni, ya 80 lazima ikimbie sana ndo ifikie hapo. Kupunguza mizunguko kwa nusu kunashusha kelele ya feni kama desibeli 15, na desibeli 10 tu sikio linahesabu kama nusu ya sauti. Kwa hiyo nafasi ndani ya kesi ndio kimya chenyewe, zile kesi nyembamba za kufanana na deki zinapendeza lakini zinakulazimisha kipozeo kifupi chenye feni ndogo. Pima urefu wa kipozeo kinachoingia kabla ya kununua kesi.

Kipozeo cha maji kikigugumia, kuna hewa imefika kwenye pampu. Hakikisha pampu sio sehemu ya juu kuliko zote, rejeta, ile sehemu yenye feni inayopoza maji, iwe juu yake. Ila kwa sebuleni sioni sababu ya maji, pampu haisimami hata mashine ikiwa haina kazi, kipozeo kikubwa cha hewa kinaweza kukaribia kunyamaza kabisa.

Mvumo unatoka kwenye spika, sio kwenye kesi

Huu unachanganya watu. Ukiongeza volyumu na mvumo unapanda, feni hazihusiki. Mvumo mzito wa hezi 50 au 60 usiobadilika ni mzunguko wa ardhi, yaani kompyuta, TV na ampu zimepata ardhi kwa njia tofauti. Chomoa kebo ya antena nyuma ya TV, ukikatika umeshapata njia. Vifaa vyote vichomeke kwenye ekstensheni moja, au pitisha sauti kwa kebo ya optiko ambayo haipitishi umeme kabisa. Usikate pini ya ardhi ya plagi, watu wanashauri hivyo na ni hatari. Kama ni krrr-krrr inayofuata mausi, umechomeka tundu la mbele la kesi, hamia la nyuma au tumia kadi ya sauti ya USB.

Inawaka yenyewe usiku

Umeilaza, saa nane usiku feni zinaanza. Fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, andika powercfg /lastwake uone nani aliiamsha mara ya mwisho, halafu powercfg /waketimers uone nani anasubiri kuiamsha. Mara nyingi ni kadi ya mtandao au mausi, na kwenye Device Manager unaondoa ruhusa ya kifaa hicho kuamsha kompyuta. Kama ni sasisho, zima vipima muda vya kuamsha kwenye mipangilio ya umeme.

Umefanya yote na bado unaisikia

Basi mashine hiyo ni kubwa kuliko kazi yake. Kwa video na muziki tu, kuna vikompyuta visivyo na feni kabisa vyenye Intel N100 ya wati 6, iliyotoka 2023, inafungua HEVC na AV1 za 4K kwa hadiwea na kesi yake nzima ndio kipozeo. Gemu nzito usiiombe. Ukiishika utaona ni ya moto mkononi, hiyo ni kawaida, ila isiwekwe juu ya ampu wala nyuma ya TV mahali hewa haipiti, mana haina feni ya kuiokoa.